Matuta 12 ya Mjimwema: shajara ya kuurudishia mchanga uhai

Naiandika shajara hii kwa ajili ya mwenye kiwanja cha kichanga ukanda huu wa Pwani, anayetaka kulima mboga bila kununua rutuba upya kila mwezi. Changu ni robo eka, Mjimwema, Kigamboni, mwendo wa dakika chache kwa miguu hadi baharini. Nimefundisha baiolojia miaka mingi, kwa hiyo kupima nimezoea; kulima ndiko ninakojifunza. Nitaongeza taarifa kila hatua inapokamilika, na yaliyoharibika sitayafuta. Anayetaka kuiga asome kwa makini zaidi pale nilipokosea, maana huko ndiko fedha zilikokwenda.

Kilichonisukuma ni hiki. Miaka minne nimekuwa nikimwaga mbolea ya kuku na urea, mboga zinatoka vizuri mara moja au mbili, kisha mchanga unarudi kuwa mweupe kama wa ufukweni. Mzee jirani yangu, aliyelima hapa tangu watu wanavuka kwa pantoni tu, aliniambia: "Mwanangu, shamba hili lina njaa isiyoshiba." Maneno hayo yamenikaa. Ile mbolea yote inakwenda wapi?

12 Agosti 2023. Kuujua udongo kabla ya kuulisha

Nilichimba sehemu 9 kwa mwendo wa herufi Z, kina cha sentimita 20, nikachanganya kwenye ndoo safi na kupeleka kilo moja maabara. Wakati nasubiri majibu nilifanya jaribio la chupa: theluthi moja udongo, maji hadi karibu na mdomo, kijiko cha sabuni ya unga, tikisa sana, weka mezani. Ndani ya dakika moja hivi karibu kila kitu kilishatua chini. Huo ni mchanga. Tope laini huchukua saa kadhaa kutua, na mfinyanzi huweza kuyaacha maji na ukungu siku nzima na zaidi. Siku ya pili chupa yangu ilikuwa na maji maangavu, na juu ya mchanga kulikuwa na utando wa mfinyanzi mwembamba kama jalada la daftari.

Majibu ya maabara yalisema hivyohivyo kwa tarakimu: mchanga asilimia 86, pH 5.9 (yaani tindikali kidogo), kaboni itokanayo na mabaki ya viumbe asilimia 0.5. Hapo nikaanza kumwelewa Mzee. Mfinyanzi na mboji hubeba chaji hasi, na chaji hizo ndizo zinazoshikilia potasiamu, kalsiamu na amoniamu visizame na maji. Mchanga hauna kitu hicho, au unacho kidogo mno. Njaa ya shamba langu haitokani na kunyimwa chakula. Chakula kinapita tumboni bila kushikwa.

Kipimo cha tatu nilikifanyia jikoni, na ndicho nitakachokirudia hadi mwisho. Chukua kopo, toboa chini, tandika kitambaa, weka kilo moja ya udongo mkavu kabisa, mimina maji mpaka yachuruzike, funika, ngoja saa 24, kisha pima uzito. Mchanga wangu ulibakiza gramu 190 za maji.

Matuta ni 12, kila moja mita 6 kwa 1.2. Matibabu ni manne, kila moja limepewa matuta matatu kwa kura za karatasi ndani ya kofia:

A ni desturi ya mtaani kwetu, yaani mbolea ya kuku jinsi inavyokuja, na urea. B ni mboji peke yake. C ni mboji pamoja na chenga za mkaa. D ni marejea kwanza, mmea wa jamii ya kunde unaopandwa kuwa mbolea ya kijani, yakatwe na kulazwa palepale, kisha nusu ya mboji.

Kura zilinipa tuta moja la A chini ya kivuli cha mwembe. Nimeliacha hapohapo, kwa kuwa nikianza kuhamisha nisiyoyapenda, kura haina maana tena.

9 Septemba 2023. Mbolea ya kuku iliyokuwa maranda

Kosa la kwanza, na la gharama kubwa. Niliagiza viroba 40 vya mbolea ya kuku kwa shilingi 3,000 kila kimoja, na kirikuu 45,000 kwa sababu mzigo ulitoka ng'ambo ya Daraja la Nyerere. Muuzaji alinihakikishia kwa simu kwamba "imeiva". Nililipa, vikashushwa, kirikuu ikaondoka, ndipo nikafungua kiroba cha kwanza.

Juu palikuwa peusi pazuri. Nilipoingiza mkono hadi kiwiko na kutoa gao la katikati, nikatoka na maranda: vipande vya mbao vyeupe, bado vimejikunja kama vilivyotoka kwenye randa, bado vinanukia msonobari. Nilipepeta ujazo wa kopo moja juu ya sinia, nikakuta sehemu tatu kati ya nne ni maranda. Ni takataka ya banda la kuku wa nyama, na kuku hao hukaa wiki chache tu kabla ya kuuzwa, hivyo maranda hayapati muda wa kuoza. Mbolea ya kuku wa mayai walio kwenye vizimba ni kitu kingine. Ile ni kinyesi karibu kitupu.

Sasa sifungui mfuko wa fedha kabla ya kufungua kiroba, tena nachagua mwenyewe kiroba cha katikati ya mzigo. Nalowesha kidogo, nasugua viganjani. Ikibaki miti miti, haijaiva, aseme muuzaji alivyosema.

Lundo la kwanza nilililundika hivyohivyo, mita moja kila upande, nikidhani maranda yatalainika. Siku ya nne kipimajoto kilisoma nyuzi 41. Siku ya tisa lilikuwa na joto sawa na la hewa. Sababu naziona mbili: chakula cha bakteria kilikuwa kimelemea upande wa kaboni (lundo linataka takriban sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni, na mbao huwa na mamia), na pepo za kusi zilikuwa zinalikausha kutoka pembeni mpaka kati. Lundo dogo halijilindi na upepo.

7 Oktoba 2023. Lundo la pili

Hili limefanya kazi. Nimenunua viroba 20 vya mbolea ya kuku wa mayai kwa 4,000 kila kimoja, nimeleta mabaki ya soko kutoka Temeke Stereo, nikaongeza majani makavu ya mwembe na migomba iliyokatwakatwa. Safari hii lundo ni mita 1.5 kila upande, limefunikwa makuti, na unyevu wake ni wa kitambaa kilichokamuliwa: ukiminya gao, tone moja au mawili, basi.

Siku ya tano nyuzi 62. Asiye na kipimajoto achomeke nondo katikati ya lundo, aiache robo saa, aichomoe na kuishika: ukiweza kuikamata kwa starehe, lundo limelala, ukiiachia haraka, linafanya kazi. Nimepindua kila joto lilipoanza kushuka, mara nne mpaka sasa. Joto la nyuzi 55 na zaidi kwa siku kadhaa ndilo linaloua mbegu za magugu na vimelea, na kupindua ndiko kunakoipa kila sehemu zamu yake ya kuwa katikati.

Kazi iliyokula muda kuliko zote ni kuchambua takataka za soko. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini vile vifuko vyepesi vya kufungashia bado vipo tele, na vimejificha ndani ya majani ya kabichi. Mimi na kijana ninayefanya naye kazi tulikaa asubuhi nzima. Tulipata pia betri mbili za tochi, moja imeshavuja. Tulitupa betri na ndoo nzima ya takataka zilizoizunguka, kwa sababu madini mazito hayaozi. Yakishaingia tutani yamehamia.

Kwa sababu hiyohiyo nimekataa tope jeusi nililoletewa bure kutoka bonde la Msimbazi. Lina rangi ya kutamanisha, nakiri nililishika mara mbili. Lakini mto ule unashuka kutoka vilima vya Pugu ukipita kwenye viwanda na makaro ya mji mzima, na watafiti wameshakuta madini mazito kwenye udongo na mboga za bonde lile. Mchicha wangu unaliwa na watoto wa watu.

Chenga za mkaa nazinunua kwa wauza mkaa, 1,500 kiroba. Kila genge la mkaa lina rundo la chenga ambalo mwenyewe hajui alipeleke wapi. Nachekecha kuondoa mawe na majivu, naponda hadi ukubwa wa punje za mchele, kisha nazilowesha wiki mbili kwenye pipa la maji ya samadi. Usiziweke shambani kavu: vitundu vya mkaa vikiwa vitupu vitajijaza kwa naitrojeni ya udongo wako, na mmea utakosa. Vijaze kwanza.

Marejea yamepandwa kwenye matuta ya D. Mbegu kilo 2, shilingi 12,000, nimeagiza Songea. Huko Ruvuma mmea huu una historia. Wamonaki Wabenediktini wa Peramiho waliueneza sana kwa wakulima kama mbolea ya kijani. Angalizo: mbegu zake zisiachwe mahali kuku wanapodonoa.

25 Novemba 2023. Mvua kubwa na matuta ya njano

Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema kwamba vuli hii itakuja na El Niño, na imekuja. Usiku mmoja kopo langu la mvua lilikusanya milimita 68.

Matuta ya A yalipewa urea siku mbili kabla ya mvua ile, gramu 100 kila tuta. Yalipiga kijani siku nne, kisha yakafifia. Urea hugeuka amoniamu, amoniamu hugeuka naitreti, na naitreti yenye chaji hasi haina pa kushikwa hata kwenye udongo mzuri. Kwenye mchanga huenda na maji kama chumvi kwenye chungio. Naona wazi sasa fedha zangu za miaka minne zimelala wapi: chini, kwenye maji ya kisima.

Lakini matuta ya B yalikuwa mabaya kuliko A, na hili ni kosa langu moja kwa moja. Mboji ya lundo la pili haikutosha, mvua ilikuwa mlangoni, nikaingiwa na haraka, nikachukua lile lundo la kwanza la maranda nusu mbichi nikalichanganya kwenye matuta 2, 6 na 11. Wiki tatu baadaye mchicha ulikuwa na urefu wa kiganja, majani ya chini ya njano, shina jekundu jembamba.

Mama anayenunua mboga zangu na kuuza soko la Feri alisimama pembeni akatikisa kichwa. "Mwalimu, haya siyachukui. Wateja watasema nimeyalaza."

Dalili ya majani ya chini kuanza kugeuka njano huashiria upungufu wa naitrojeni, kwa kuwa mmea huihamisha kutoka majani mazee kwenda machanga. Ila kwa nini ipungue kwenye tuta lililojaa samadi? Nilishuku kwamba bakteria wanaoozesha maranda ndio wanaoila. Kuhakikisha, niligawa tuta la 6 kwa kamba: nusu nikaipa gramu 40 za urea zilizoyeyushwa kwenye keni mbili, nusu nyingine keni mbili za maji matupu. Siku ya sita mstari ulionekana kutoka barazani: upande mmoja kijani, upande wa pili njano, kamba katikati. Naitrojeni haikuwa imeondoka na mvua yote. Ilikuwa imefungiwa ndani ya miili ya bakteria, na wataiachia watakapomaliza kaboni. Kwa maranda, hiyo ni miezi.

Dawa niliyotumia: nimekwangua juu nilichoweza, nikapanda kunde kwenye matuta hayo kwa sababu kunde hujitafutia naitrojeni ya hewani. Mavuno ya B ya vuli siyahesabu. Maranda yaliyobaki viroba 22 nimeyageuza matandazo ya vijia, na huko yamefaa sana: yakiwa juu ya udongo, bila kuchanganywa, hayanyang'anyi mizizi chochote.

13 Januari 2024. Marejea yamelazwa

Yamefika kifuani, maua ya njano yameanza kufunguka, nimeyakata. Usingoje yakomae, shina linakuwa mti na utarudi kwenye hadithi ya maranda. Mizizi nimeiacha ardhini. Mboji nzuri sasa imetosha matuta yote ya B, C na nusu kwa D.

24 Februari 2024. Chumvi

Wiki tano nimepoteza kwa kutibu ugonjwa usiokuwepo.

Mvua zilikatika mwezi uliopita, jua likawaka, tukarudi kwenye kisima. Nilikuwa nimepanda mchicha nusu ya kila tuta na chainizi nusu nyingine. Ncha na kingo za majani ya chainizi zilianza kukauka rangi ya kahawia, kama karatasi iliyopitishwa juu ya mshumaa. Nikasema, njaa. Nikaongeza mbolea ya kuku. Zikazidi. Nikaongeza tena, safari hii maji ya samadi. Matuta mawili ya chainizi yakafa.

Aliyenifungua macho ni Mzee, bila kipimo chochote. Alikuja jioni, nikamwamkia, akainama akavunja kipande cha ganda jeupe lililokuwa juu ya tuta baina ya miche, akaliweka ulimini.

"Mwanangu, onja."

Lilikuwa chumvi.

Nilipotazama tena niliona nilichopaswa kukiona siku ya kwanza: mchicha uliokuwa tuta hilohilo, maji hayohayo, haukuwa umeungua. Mchicha unavumilia chumvi kuliko chainizi. Ungekuwa upungufu wa naitrojeni, mchicha ungelalamika wa kwanza, tena kwa majani ya chini kuwa njano, wala si kwa kingo kuungua.

Nilinunua kipima chumvi Kariakoo, 48,000. Maji ya kisima: 2.6 dS/m (kipimo cha jinsi maji yanavyopitisha umeme; chumvi ikizidi, nacho hupanda). Kwa viwango vya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, vya maji ya umwagiliaji, chini ya 0.7 hakuna tatizo, kati ya 0.7 na 3.0 tahadhari, juu ya 3.0 ni hatari kwa mimea mingi. Nilikuwa karibu na ukingo, na mbolea ya kuku, ambayo nayo ina chumvi nyingi, ndiyo niliyoimwaga juu yake kwa mikono yangu miwili. Kwa jirani aliye juu zaidi, mbali na bahari, maji yalisoma 0.9. Sisi wa karibu na ufuo, kiangazi kikikaza na pampu zikivuta mchana kutwa, maji ya bahari husogea chini kwa chini kuja kuchukua nafasi ya yale matamu.

Niliyofanya: tangi la mitumba la lita 2,000 kwa 260,000, na mifereji ya paa 70,000. Paa langu ni mita za mraba 60 hivi, maana yake mvua ya milimita 10 ni lita zipatazo 600, ukiondoa zinazomwagika. Mvua mbili za kupita zilinipa tangi karibu kujaa. Nachanganya nusu kwa nusu na ya kisima, kipima kinasoma 1.3. Kila wiki namwagilia mara moja maji mengi kuliko mahitaji ili chumvi izame chini ya mizizi. Hapa mchanga unatusaidia, unasafishika upesi. Namwagilia jioni. Matandazo ya majani makavu nayaweka unene wa vidole vinne, ili jua lisinyonye maji na kuacha chumvi juu.

Kuku wa mtaani waliyatawanya matandazo siku ya kwanza tu. Nimeyabana kwa vipande vya makuti, wameacha. Mchwa wanakula kiasi, nao nimewaachia.

Kwa yeyote anayeanza leo Kigamboni, Mbezi Beach, Ununio au popote karibu na bahari: anza na kipima chumvi. Laiti ningekinunua Agosti kabla ya kununua kiroba chochote.

11 Mei 2024. Kimbunga Hidaya

Masika yalikuwa mazito tangu mwanzo, na Mei 4 tukasubiri Kimbunga Hidaya. Boti za Zanzibar zilisitishwa, tukafunga mabati kwa waya. Kilipofika karibu na Mafia kikapungua nguvu, lakini upepo na mvua tulivipata.

Matuta mawili ya A yamebomoka kabisa. Mchanga umelala kwenye kijia kama ulivyolala kabla sijauinua. C na D yamebaki na kingo zake. Nilimega pande la ukingo wa D nikaliweka kwenye bakuli la maji: liliteremka polepole, likabaki bonge dakika kadhaa, limeshikwa na vijizizi na nyuzi za kuvu zinazoonekana kwa macho ukiligeuza juani. Pande la A lilisambaratika kabla halijafika chini. Nimelirudia jaribio hili mara tano kwa sababu sikuamini.

Siku tatu baada ya kimbunga, Mei 7 hadi 9, viongozi wa Afrika walikutana Nairobi kuzungumzia mbolea na afya ya udongo. Azimio la Abuja la 2006 lilikuwa limeweka lengo la kilo 50 za virutubisho kwa hekta, na safari hii afya ya udongo imewekwa kwenye jina la mkutano wenyewe. Nimefurahi kwa dhati. Huku kwetu mchangani kilo zinazomwagwa hazinipi habari yoyote mpaka nijue ni ngapi zilizobaki baada ya mvua ya kwanza. Natamani maofisa ugani wetu wapewe vipimo vya kujibu swali hilo pamoja na mifuko ya mbolea.

29 Juni 2024. Kosa la keni

Nilikuwa najiandaa kuandika kwamba C imeshinda, nikagundua nimejidanganya. Tangu Februari nimekuwa nikimwagilia kwa kidole: nachomeka, pakavu naongeza, penye unyevu napita. Kwa mkulima ni sahihi. Kwa jaribio ni kuharibu ulinganifu, kwa sababu A limekuwa likipata maji mengi kuliko wengine, na pamoja nayo chumvi nyingi zaidi. Sijui tofauti ya mavuno ni ya udongo au ya maji. Miezi minne ya mizani haifai kutangazwa.

Kuanzia wiki hii, mizunguko miwili ya mchicha, kila tuta keni 6 za lita 10 kwa siku, bila huruma. Baada ya hapo nitapima kinyume chake: kila tuta linahitaji keni ngapi ili majani yasilegee saa nane mchana.

10 Agosti 2024. Kung'oa bamia

Kila tuta lilikuwa na mstari wa bamia tangu Aprili. Leo nimeng'oa zote, nikaosha mizizi na kuitandaza kwenye turubai kwa kufuata namba za matuta.

Mizizi ya A ilikuwa na manundu kama tangawizi. Hao ni minyoo fundo, na mchanga wenye joto ndio nyumbani kwao. B na C manundu yapo ila machache zaidi. D, kwenye matuta mawili kati ya matatu, mizizi ilikuwa mirefu na safi kiasi kwamba kijana wangu alidhani nimechanganya namba. Marejea yanajulikana kwa hilo: minyoo huingia kwenye mizizi yake na kushindwa kuzaliana vizuri.

Msije mkafanya kosa nililofanya Desemba kwenye kunde, nilipoona vifundo nikang'oa mimea mizima nikiamini ni minyoo. Vifundo vya naitrojeni viko pembeni ya mzizi, ukivigusa kwa kucha vinabanduka, na ukipasua ndani ni vya rangi ya waridi vikiwa vinafanya kazi. Nundu la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Halibanduki bila kukata mzizi. Niling'oa kunde nzuri kabisa.

14 Septemba 2024. Mizani, maji na fedha

Mchicha, wastani wa mizunguko miwili ya Julai na Agosti, kwa tuta: A kilo 11.8, B 14.2, C 16.5, D 15.9. Matuta ni matatu tu kwa kila matibabu, kwa hiyo pengo la C na D silipi uzito wowote. Pengo la A na wengine naliamini, hata nikiliondoa tuta la kivulini.

Maji ndiyo yaliyonishangaza. Ili majani yasilegee mchana, A lilihitaji keni 8, B 6, C na D 5. Keni tatu kwa tuta ni lita 30 kila siku, na kwa matuta 12 ni lita 360 za kuvuta, kubeba na kumwaga. Kijana wangu alisema, "Mwalimu, hata usingepima, mabega yangu yalishajua."

Kopo la jikoni: mchanga wa kijia bado gramu 190. A 200. B 245. D 250. C 285.

Gharama tangu mwanzo: maabara 60,000, kipima chumvi 48,000, kipimajoto 25,000, mbolea ya maranda na kirikuu 165,000, mbolea ya kuku wa mayai 80,000, chenga 18,000, mbegu za marejea 12,000, vibarua siku 19 kwa 12,000, yaani 228,000, tangi na mifereji 330,000. Jumla 966,000. Ningefungua kiroba kabla ya kulipa, 165,000 zingebaki mfukoni. Kwa anayeiga na hana tatizo la chumvi, tangi linaweza kusubiri, ila vipimo visisubiri. Mama wa Feri ananunua tuta la mchicha kwa 12,000 hadi 15,000 kutegemea msimu. Mwezi uliopita alichukua C na D zote kwa bei ya juu na A akaomba kupunguziwa, bila mimi kumwambia lipi ni lipi.

Mzee amechukua kilo moja ya mbegu za marejea nilizovuna pembezoni na viroba vitatu vya chenga. Ameomba nimpimie kisima chake kwanza, kimesoma 1.1.

Jaribio la A nalifunga, siwezi tena kuyanyima matuta yale. Jana tumepanda marejea kwenye matuta hayo matatu kungoja vuli. Sampuli za kaboni za matuta yote 12 naenda kuzichukua Januari, baada ya marejea kulazwa, kwa herufi Z ileile na kina kilekile cha sentimita 20. Majibu nitayaandika hapa.